Kila Mche na Fungu Lake

Juni, mvua zilipokatika, nilivuna nyanya kwenye magunia 14 niliyoyapanga kando ya ukuta wa nyumba ninayoishi Makindye, kusini mwa Kampala. Kila gunia lilikuwa na mche mmoja, na miche yote ilitokana na tunda moja tu: nyanya nzuri ya umbo la yai, ngumu, ya ngozi laini, niliyopewa na jirani anayelima mbegu chotara kwenye kitalu nyumba. Nilikamua mbegu zake, nikazikausha, nikapanda. Miche 8 ilizaa matunda ya umbo la yai kama lile la mwanzo. Miche 3 ilizaa ya mviringo kama mpira. Miche 2 ilitoa matunda yenye shingo, mithili ya peasi. Na mmoja ulitoa matunda bapa yenye mikunjo, kama boga dogo.

Nilipoyaweka kwenye beseni na kuwaonyesha watu wa mtaani, kila mmoja alikuwa na jibu lake. Mbegu imechoka. Mbegu ilichanganywa tangu dukani. Ni mvua ya Aprili. Ni samadi ya kuku imezidi. Mama anayeuza mboga kwenye kona yetu, tunayemwita Nnyabo kwa heshima, alisema nyanya za mbegu ya nyumbani ndivyo zilivyo, hazina adabu.

Majibu haya yote nimeyasikia kwa wakulima wa wilaya za Wakiso na Mpigi pia, na kila moja lina shamba lake ambako ni la kweli. Kinachotuzuia kujua lipi ni la kweli kwenye shamba lipi ni lile beseni. Mavuno yakishamwagwa pamoja, tunapoteza kitu kimoja ambacho hakirudi: tunda hili lilitoka kwenye mche gani? Mimi nilinusurika kwa sababu ya magunia. Nilikuwa nimevuna gunia baada ya gunia, na nikaona kwamba ndani ya gunia moja matunda yalifanana kama ndugu wa tumbo moja, ila gunia na gunia yalitofautiana. Hoja yangu yote katika makala haya imesimama hapo. Tofauti zikiwa kati ya mche na mche, tafuta chanzo chake kwenye mbegu. Zikiwa ndani ya mche mmoja, tafuta kwenye hewa, maji na maua. Anayelima nyanya na hajauliza swali hilo kwanza atalaumu asiyehusika.

Tuanze na mbegu, maana huko ndiko kwenye mengi.

Pakiti iliyoandikwa F1 ina mbegu za kizazi cha kwanza cha wazazi wawili waliotofautiana, kila mmoja akiwa amenyooshwa kwa vizazi vingi hadi akawa hazai ila mfano wake. Watoto wao wa kwanza hufanana kabisa, kwa sababu kila mtoto amepokea nusu ile ile kwa baba na nusu ile ile kwa mama. Ndiyo maana shamba la chotara hupendeza macho: nyanya zote ni kama zimetoka kwenye kalibu moja. Lakini kila mmea humo ndani umebeba nakala mbili zisizofanana. Ukichukua mbegu za mmea huo, nakala zinagawanywa upya, na yaliyokuwa yamejificha yanatoka. Gregor Mendel aliliona jambo hili kwenye njegere na kulieleza mwaka 1865 mjini Brno: sifa inayojificha katika kizazi cha kwanza hurudi katika robo ya kizazi cha pili.

Robo hiyo ni ya sifa moja. Nyanya chotara ina sifa nyingi ambazo wazazi wake walitofautiana. Tuseme zilikuwa 10 tu. Uwezekano wa mtoto kupata mchanganyiko ule ule wa mama yake katika sifa zote 10 ni mmoja kati ya 1,024. Kwa hiyo mkulima anayetunza mbegu za chotara akitegemea kupata chotara anasubiri kitu ambacho hesabu imekwisha kumnyima. Mbegu yake haijachoka. Ina nguvu zake zote. Inatoa tu hesabu ya kila kilichowekwa ndani yake.

Kwenye umbo, hesabu hiyo inajulikana vizuri kuliko sifa nyingine nyingi za nyanya. Nyanya mwitu ya Peru na Ekuado, Solanum pimpinellifolium, ina tunda la mviringo lenye ukubwa wa punje ya njegere na vyumba viwili vya mbegu. Maumbo tunayoyaona sokoni leo yametokana kwa sehemu kubwa na mabadiliko katika jeni chache. Ovate, iliyobainishwa mwaka 2002 na kundi la Steven Tanksley wa Chuo Kikuu cha Cornell, ni jeni inayozuia tunda kurefuka. Maagizo yake yakikatika katikati, tunda hurefuka na mara nyingi huota shingo. Sun, iliyobainishwa mwaka 2008 na kundi la Esther van der Knaap, ina kisa cha kushangaza zaidi: kipande cha kromosomu ya 10 kilinakiliwa na kurukia kromosomu ya 7, na huko jeni hiyo ikawa inafanya kazi kupita kiasi, tunda likawa refu. Nyingine mbili, lc na fas, huongeza idadi ya vyumba na kulifanya tunda kuwa bapa, pana, lenye mikunjo. Mwaka 2011 watafiti waliopima aina 368 za nyanya waliyagawa maumbo yake katika makundi 8, na wakaona kwamba jeni hizi nne zinafuatana kwa karibu sana na makundi hayo. Walihitimisha pia kwamba mabadiliko ya sun yalitokea Ulaya, baada ya nyanya kuvuka bahari. Yale ya mikunjo ni ya kale zaidi. Mattioli, tabibu wa Italia aliyeandika juu ya nyanya mwaka 1544, alizieleza kuwa bapa na zenye vipande vipande.

Nilichukua kisu nikakata matunda ya magunia yangu kwa upana, kama mtu anayekata nyanya za rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, siyo kwa urefu. Ukikata hivyo tunda linajieleza lenyewe. La umbo la yai lilikuwa na vyumba vitatu, kuta nene, ute kidogo. La mviringo lilikuwa na viwili, ute mwingi, mbegu zikielea. Lile bapa lilikuwa na vyumba sita vilivyobanana, na katikati uti mweupe mpana kama kidole gumba. Nikaenda kwenye mche huo nikachukua matunda mengine manne, nikayakata. Sita, sita, saba, sita. Kwenye mche wa mviringo: viwili, viwili, vitatu, viwili. Hakuna mvua iwezayo kuchagua gunia moja na kuliruka lililo karibu yake kwa mpangilio wa namna hiyo.

Idadi ya vyumba huamuliwa mapema mno, ua likiwa bado kichipukizi kisichoonekana vizuri kwa macho. Nakala moja ya sun hutosha kurefusha tunda kwa kiasi fulani, na ndiyo maana umbo la yai lilikuwa na miche mingi kuliko mengine. Shingo na ubapa huhitaji, kwa sehemu kubwa, nakala mbili zilizobadilika, kwa hiyo hujificha kwenye chotara na kuibuka kwa wachache katika watoto. Ninaposoma magunia yangu 14 kwa mwanga huo, sioni vurugu yoyote.

Sasa upande wa pili, tofauti ndani ya mche mmoja. Hapa mtaalamu wa mbegu hana la kusema na anayepaswa kusikilizwa ni anayejua hali ya hewa. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini lazima litikiswe ili chavua idondoke. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo wakati wa maua, au mmea ukiwa umebanwa kati ya kuta mbili pasipo upepo, baadhi ya vyumba hubaki bila mbegu za kutosha. Tunda linakua upande mmoja na kudumaa upande mwingine. Likate: upande uliobonyea una mbegu chache au hauna kabisa. Tunda lenye pembe pembe na uwazi ndani ni la ukoo huo huo. Baridi nayo ina kazi yake: usiku wa baridi kali wakati vichipukizi vya maua vinajiunda huongeza vyumba na kuleta makovu na matundu kwenye kitako. Hilo ni la nyanda za juu za Kabale zaidi kuliko la Kampala, kwani huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, usiku hauna ukali huo. Na kuoza kitako, ambako wengi huita ugonjwa, hutokana na kalisi kutofika kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu ya umwagiliaji wa kushtukiza, leo maji tele, kesho ukame. Yote haya hupita msimu ukibadilika. Mbegu za tunda lililopinda kwa sababu ya mvua ni nzuri sawa na za tunda lililonyooka la mche huo huo, na mkulima anayezitupa anatupa bila sababu.

Kuna dhana moja niliyokutana nayo mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, kwamba nyanya zimebadilika umbo msimu huu kwa sababu zimepandwa karibu na aina nyingine. Haiwezekani. Nyama ya tunda ni mwili wa mama. Chavua ya jirani hugusa mbegu iliyomo ndani tu. Kama mche wako wa nyanya aina ya Roma ulichavushwa na zile nyanya ndogo zinazojiotea kwenye majalala na kando ya mitaro, ambazo Waganda huziita obunyaanya, Roma yako itaendelea kuzaa Roma hadi siku ya mwisho ya kuvuna. Mabadiliko utayaona msimu ujao, ukipanda mbegu zake. Hata hivyo kuchanganyika kwa njia hiyo ni kuchache kwa nyanya, kwa kawaida mbegu chache katika kila 100, kwa sababu ua la aina nyingi za kisasa limeificha sehemu yake ya kike ndani ya bomba la chavua. Nyuki wa asali hawezi kulitikisa ua hilo inavyopasa. Wanaoweza ni wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti za paa, wanaoshika ua na kutetemesha mwili mpaka chavua inamwagika. Nimewaona Makindye asubuhi, wakiacha alama ya meno ya rangi ya kahawia kwenye bomba la ua.

Umbo la nyanya lisingekuwa na uzito huu kama lingekuwa suala la macho tu. Kampala umbo ni fedha. Nyanya za mjini husafiri kwenye mabokisi ya mbao, zimerundikwa juu ya lori kutoka Masaka, Luweero na kwingineko, kwenye barabara zenye matuta. Nyanya ya mviringo yenye ute mwingi, kama Money Maker ya Kiingereza iliyozoeleka miaka mingi katika bustani za Uganda, ni tamu, lakini iliyo chini ya bokisi hufika ikiwa mchuzi. Zile za umbo la yai au la mstatili, Roma, Cal J, Rio Grande, hupangika zikabanana bila kupasuana. Siku moja asubuhi kwenye soko la Kalerwe nilimtazama mchuuzi akichambua bokisi lililotoka kufunguliwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko jicho langu: za yai ngumu kushoto, kwa wateja wa hoteli, za mviringo mbele, kwenye mafungu ya kuuza siku hiyo hiyo, bapa na zilizopinda nyuma, kwa wauza chipsi na rolex watakaozikatakata. Nilimuuliza kuhusu zile bapa. "Ssebo, hizo ni nzuri kuliko zote kwa mchuzi," alisema, "lakini haziketi."

Haziketi kwenye bokisi. Neno hilo limeeleza historia ndefu. California katika miaka ya 1960, Jack Hanna wa Chuo Kikuu cha California kule Davis alizalisha nyanya iliyoitwa VF-145, ngumu na yenye pande zilizonyooka, kwa sababu mashine ya kuvunia haikuweza kushika nyanya laini ya mviringo. Huko mashine ndiyo iliyochagua umbo. Huku kwetu hakuna mashine, lakini bokisi na barabara vinafanya kazi hiyo hiyo kila siku, na mkulima anayeleta mchanganyiko wa maumbo analipwa bei ya mchanganyiko. Ndiyo maana simlaumu mkulima mkubwa anayenunua mbegu chotara kila msimu. Analipia kufanana, na kwa soko lake kufanana kuna thamani.

Lakini je, anachonunua kinafanana kweli? Hapa tofauti ya umbo inageuka kuwa chombo mikononi mwa mkulima. Mwaka 2017 mtafiti Tessa Bold na wenzake walichapisha matokeo ya kupima pembejeo zilizonunuliwa kwenye masoko ya Uganda. Katika mbolea, asilimia 30 ya kirutubisho ilikosekana, na katika mbegu chotara ya mahindi walikadiria kuwa chini ya nusu ndiyo halisi. Hayo ni mahindi, na sidai kwamba nyanya zina kiwango hicho. Lakini mtu aliyetembea kwenye maduka ya pembejeo ya Container Village mjini Kampala, akaona mbegu zikipimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililokwisha kufunguliwa, anajua kwamba jina lililo kwenye kopo linaishia mlangoni pa duka.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua huko mbegu niliyoambiwa ni F1. Ilizaa maumbo matatu. Wakati ule nilijilaumu, nikadhani nimekosea mbolea. Leo najua kwamba F1 ya kweli ndiyo inayofanana kuliko mbegu zote. Mche mmoja wa umbo tofauti unaweza kuwa punje iliyopotea njia. Maumbo mawili au matatu yaliyogawanyika mche kwa mche, huku kila mche ukiwa na umbo lake kutoka tunda la kwanza hadi la mwisho, ni dalili kwamba mbegu zilikamuliwa kwenye matunda ya chotara na kuuzwa kama chotara, au zimechanganywa. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Tenga miche 10 na uivune kila mmoja peke yake. Ikiwa umbo linalojificha hutokea kwa robo ya watoto wa chotara, uwezekano wa kuliona angalau mara moja katika miche 10 ni asilimia 94. Ukitenga 20, ni zaidi ya 99.

Kwa anayetaka kutunza mbegu, njia iliyonyooka ni kuanza na aina isiyo chotara. Tengeru 97 na Tanya, zilizotoka kwenye kituo cha Arusha cha taasisi ya kimataifa ya mboga, huzaa mfano wake. Vivyo hivyo Roma, Cal J, Money Maker, na MT56, ambayo wakulima wa hapa huipenda kwa kustahimili mnyauko wa bakteria. Aina hizi zikibadilika umbo baada ya misimu michache, mara nyingi kosa liko kwenye uchaguzi wetu. Tunachagua tunda badala ya mche. Tunakwenda kwenye beseni, tunatoa lile kubwa kuliko yote, tunakamua mbegu. Lile kubwa mara nyingi ni lenye vyumba vingi, tena huenda limetoka kwenye mche uliozaa mawili tu. Msimu baada ya msimu tunasogea kuelekea ubapa bila kujua, kisha tunasema mbegu imechoka.

Chagua mche ukiwa bado umesimama na majani yake, uone umezaa mangapi, unafanana vipi na wenzake, umeugua au haukuugua. Hilo la ugonjwa nalitia mkazo, kwa sababu virusi vya batobato na bakteria kadhaa husafiri na mbegu, na hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaopinga mbegu za nyumbani. Ute ukiachwa uchachuke siku mbili au tatu kwenye kikombe, kisha mbegu zikasuuzwa na zinazoelea kumwagwa, sehemu ya hatari hiyo hupungua. Mche ulio mgonjwa usichukue mbegu zake hata kama matunda yake ni mazuri kiasi gani.

Na kama mtu ana chotara anayoipenda? Anaweza kuinyoosha mwenyewe. Kila kizazi kinachojichavusha hupunguza kwa nusu yale yasiyotulia: nusu, robo, thumuni, hadi kizazi cha saba, ambapo imebaki chini ya asilimia 2. Uganda ya kusini ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, kwa hiyo kuanzia mbegu ya tunda la chotara ni kupanda mara sita, miaka mitatu. Hatapata tena chotara. Atapata aina mpya, iliyochaguliwa kwenye udongo wake. Sera ya Taifa ya Mbegu ya 2018 ilikwisha kuutambua mfumo wa mbegu ambazo wakulima wenyewe huzizalisha chini ya ukaguzi mwepesi, lakini nguvu zake zimeelekezwa zaidi kwenye mazao kama maharage. Natamani sana bustani za Kampala, pamoja na kituo cha kilimo cha jiji kule Kyanja kinachowafundisha watu kulima kwenye magunia, zifundishe pia kuvuna gunia kwa gunia.

Septemba nilipanda mbegu za mche mmoja tu kati ya ile 14, wa sita kutoka getini: matunda ya yai, kuta nene, majani safi hadi mwisho. Miche 10 ilikua. Minane ilizaa umbo la yai, miwili mviringo. Nimefunga kipande cha kitenge kwenye shina la mmoja wa ile minane, na watoto wa mtaani wameambiwa wasiuchume. Matunda yake mawili ya kwanza yanachachuka kwenye kikombe dirishani ninapoandika haya, na karatasi iliyo chini ya kikombe imeandikwa namba ya gunia.